Kengele ya Kengeleni haikuwa ya mnada

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimesimama pale njia panda ya Kengeleni, upande wa Nyali huku Mombasa, na mwalimu mmoja kutoka Kisumu, mkewe na binti yao wa miaka tisa. Nimeanza tu kufungua mdomo, dereva wa tuktuk aliyekuwa akingoja abiria akatoa kichwa nje. "Ami, waambie ukweli hao wageni. Hii ndiyo kengele ya Waarabu. Ikilia, watumwa wanakusanywa, mnada unaanza."

Mwalimu akatikisa kichwa kwa huzuni. Mke akatoa simu akapiga picha. Mtoto akaikodolea macho kengele kama anayetazama kisu kilichoua mtu.

Kazi ya kutembeza watu Mombasa nimeifanya miaka kumi na tisa, na habari hii ya mnada nimeisikia kwa madereva, kwa walimu wenye watoto arobaini nyuma yao, kwa bwana harusi aliyekuja kupigwa picha, na mara mbili kwa waongozaji wenzangu wenye leseni kama yangu. Dereva namsamehe, yeye hulipwa kwa kuendesha. Mwenye leseni simsamehei hata kidogo. Basi naandika mara moja, nikikutana nayo tena natuma kiungo na kwenda zangu kunywa chai na mahamri.

Hesabu tu ya miaka inatosha kuiua hadithi hiyo. Soko kubwa la watumwa la pwani hii lilikuwa Zanzibar, Mkunazini, nalo lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, baada ya shinikizo lililoanzishwa na mjumbe wao Sir Bartle Frere. Makazi ya Freretown, yaliyobeba jina la huyo huyo Frere, yalianzishwa hapa na CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, kati ya 1874 na 1875. Kengele ni ya Freretown. Sasa nieleze, ni mnada gani huo ulionunua kengele baada ya soko kufungwa, tena ukaitundika kwenye ardhi ya wamisionari?

Na aliyekuwa akiipiga hakuwa mwenye watumwa. Kengele ilikuwa ya watu walioachwa huru. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi yenye mateka baharini, halafu swali likabaki: hawa watu washushwe wapi? Kuwarudisha kwao Nyasa au Uyao njia ile ile waliyoletwa ni kuwarudisha mikononi mwa wale wale. Wengine walipelekwa Shelisheli, wengine Aden, wengine Bombay. Kasisi William Salter Price, aliyewahi kusimamia kituo cha namna hiyo Nasik huko India, akaja akanunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya Mji wa Kale, na hao wakashushwa hapo.

Lakini hawakushuka kwenye pori tupu. Waliotangulia walikuwa Wabombei, Waafrika waliokamatwa wakiwa wadogo, wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik na kufundishwa kazi za mikono. Mmoja wao, William Jones, alipewa ushemasi mwaka 1885 pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Mwaka huo huo Jones akafuatana na Askofu Hannington katika safari ya kwenda Buganda. Hannington akauawa Busoga, na Jones ndiye aliyeurudisha msafara pwani. Mtu huyu aliwahi kuishi hapo unapopanda matatu ya Bamburi. Hana hata kichochoro chenye jina lake ninachokijua, na watu wanapita wakisimulia mnada.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi zaidi, kwa sababu hata wanaoikataa hadithi ya mnada huikimbilia nyingine iliyonyooka mno. Hiyo ya pili inasema: mlinzi anaona tanga la Waarabu likija kutoka baharini, anapiga kengele, watu huru wanakimbilia usalama. Ni bora kuliko ya kwanza kwa sababu walau kengele inarudi mikononi mwa wenyewe. Mimi mwenyewe niliisimulia miaka mingi, na nilikuwa naisimulia vizuri, naweka mkono juu ya macho kama mlinzi, watoto wanapiga kelele. Siku hizi naona haya kidogo.

Kisa ni kwamba hatari ya Freretown haikuwa mgeni wa kutoka mbali. Ilikuwa jirani. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko. Utumwa wenyewe haukuguswa. Aliyekuwa na watumwa shambani mwake aliendelea kuwa nao, na sheria ya Sultani ikimlinda, hadi 1907 ulipofutwa kisheria kwenye pwani yetu hii. Kwa hiyo chukua mtu anayelima shamba la bwana wake, miaka ya 1880, halafu anasikia kwamba ng'ambo kuna kijiji cha watu wanaolala bila kuulizwa na mtu. Atafanya nini? Atatoroka. Na watoro walimiminika, Freretown kidogo na Rabai, kituo kingine cha misheni ndani ya bara, kwa wingi, na wamisionari wakajikuta wamekalia mali ya watu wenye hasira. Hofu ya kushambuliwa ilikuwa ya kweli, na aliyeogopwa alikuwa akionekana kwa macho, akiswali na kufanya biashara ng'ambo ya maji.

Na hao mabwana hawakuwa "Waarabu" tu. Hapa ndipo wazee wangu hunikunjia uso. Katika Thelatha Taifa na Tisa Taifa, yale makundi mawili ya koo za Kiswahili za Mombasa, kulikuwa na wenye watumwa, Waswahili halisi wa Mvita, na ukoo wa mama yangu umo humo. Kusema "Waarabu" kila mahali ni njia rahisi ya kumtupia mtu mwingine mzigo. Mwarabu alikuwamo, tena sana. Hakuwa peke yake. Nikisema hivi kwenye ziara, kuna mtu lazima atasema nawatukana wazee. Siwatukani. Nawahesabu.

Upande wa pili nao usipakwe rangi nyeupe. Tunaita "kengele ya uhuru", lakini uhuru wa Freretown ulikuwa na ratiba. Misheni ya enzi hiyo iliendeshwa kwa kengele: ya kuamka, ya sala, ya shule, ya kwenda shamba. Msimamizi mlei wa kituo, Streeter, aliandamwa kwa sababu ya viboko, kashfa ikafika hadi London, naye akaondoka. Mtu aliyetolewa kwenye jahazi akapigwa viboko na aliyemkomboa, huyo tumwite nani? Mimi bado nasema ni mtu huru, kwa sababu hakuna aliyeweza kumuuza tena. Lakini nikilisema neno hilo Kengeleni, hulisema polepole.

Ndiyo maana hadithi ya tanga na mlinzi imenipungua. Sisemi kengele haikuwahi kuonya watu. Ilikuwa ndiyo sauti kubwa kuliko zote waliyokuwa nayo, na kijiji kinachoogopa kuvamiwa kikiwa na kengele hakitaiacha ikae kimya. Nasema kwamba siku nyingi zaidi ililia kwa mambo ya kawaida. Ukimwuliza mtoto wa Freretown wa mwaka 1882 kengele ni ya nini, nadhani, na hapa nasema mimi, sikunukuu kibao, angekujibu: ya kutukatiza usingizi. Waongozaji hatulipendi jibu hilo kwa sababu halitoi machozi. Mimi naliona tamu kuliko la tanga. Mtu aliyekuwa bidhaa miaka miwili iliyopita sasa ana anasa ya kuchukia kengele ya shule.

Mambo ya watoro yalifika kilele 1888. George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa inakuja kutawala, aliona hawezi kuanza kazi akiwa na mabwana wote wa Mombasa wamemkasirikia. Akawalipa fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakaandikiwa hati za uhuru. Siku ya kwanza ya 1889 hati zikagawiwa Rabai kwa shangwe. Angalia vizuri nani alilipwa. Bwana alilipwa. Mtoro alipata karatasi.

Wazao wao ni Wamisheni. Hawa ndio walikuwa makarani, makatekista na walimu wa mwanzo wa sehemu kubwa ya nchi hii. Mwaka 1903 kilianza hapo hapo Freretown chuo cha kufundisha wachungaji, na 1930 kikahamia Limuru, ambako leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Kanisa la Emmanuel bado lipo jirani, ni la karne ya 19 na bado lina waumini. Watu hulipita wakikimbilia madukani.

Haya, Nyali yenyewe. Najua wengi huja kwa ajili ya Nyali, mtaa wa matajiri, na kila wiki naulizwa nyumba gani ni ya nani. Hiyo siijibu. Nitasema tu kwamba kauli ya "Nyali ilikuwa msitu mpaka wazungu wa mahoteli wakaja" ni binamu wa hadithi ya mnada. Kongowea, ambako leo mnanunua nyanya kwa kreti, ni jina la kale kuliko jumba lolote la Nyali, na mapokeo yanamtaja malkia Mwana Mkisi alipotawala Mombasa iliyoitwa Kongowea. Mkomani ni kijiji cha wavuvi, jina lake mkoma wenyewe, na kuta za mitaa ya kitajiri zimekuja kukizunguka, si kinyume chake. Maweni ni mawe.

Hata kaburi mashuhuri la upande huu limeitangulia Freretown kwa miaka thelathini. Julai 1844, miezi michache baada ya mmisionari Mjerumani Krapf kufika Mombasa, mkewe Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata siku chache baadaye. Walizikwa bara, upande huu wa Nyali, na ukumbusho upo karibu na mahali daraja la zamani lilipokuwa. Mimi huwapeleka watu jioni, maji yakiwa yametulia na Mji wa Kale ng'ambo unaanza kuwasha taa. Sisemi mengi pale.

Kilichofuata nakipitisha haraka. Mashamba ya mkonge. Daraja la kuelea la 1931, la kulipia, lililofanya iwezekane mtu kulala Nyali na kufanya kazi kisiwani. Hoteli ya Nyali Beach mwaka 1946. Daraja jipya la 1980, lililojengwa kwa msaada wa Wajapani, ndilo hilo mnalokwama jioni. Hifadhi ya bahari mwaka 1986, na ndiyo, matumbawe ni mali ya taifa, msiokote. Mamba Village wana mamba.

Jambo moja tu kati ya hayo nalisimamia kidogo. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi mwaka 1908, na kila mwenye dai la ardhi pwani akatakiwa alilete mbele ya msajili pamoja na ushahidi. Isiyodaiwa ikawa ya serikali. Mwenye karatasi na wakili alifika. Mvuvi ambaye ushahidi wake ulikuwa mnazi aliopanda babu yake, wengi wao hawakufika. Ukiwa juu ya Links Road ukajiuliza kwa nini upande mmoja ploti ni ekari na upande wa pili vyumba vimebanana, usiniambie ni bidii ya watu. Anzia kwenye sajili.

Tena, tafadhali, Nyali ya matajiri na jimbo la Nyali ni vitu viwili. Jimbo lilimegwa kutoka Kisauni, likapigiwa kura kwa mara ya kwanza 2013, na ndani yake mna Freretown, Ziwa la Ng'ombe, Mkomani, Kongowea na Kadzandani. Mtu akikwambia anatoka Nyali, muulize ya wapi kabla hujampandishia bei.

Turudi kwa dereva wangu. Nilimweleza yote haya pale pale, jua kali, kwa sauti iliyozidi kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja kwenye usukani. Kisha akauliza, "Sasa ami, mnaenda wapi?" Nikamwambia kwenye kaburi la Krapf, yaani la mkewe. Tukakubaliana mia tatu, wageni nyuma, mimi nikajibana mbele ubavuni mwake.

Tulipofika kwenye mteremko alimgeukia yule binti, akamwambia kwa upole kabisa: "Umesikia, mwanangu? Kengele ile haikuwa ya Waarabu. Ilikuwa ya mzungu Krapf, alikuwa akiipiga mwenyewe kila asubuhi."

Krapf alihama Mombasa 1853. Nilitazama maji mpaka tukashuka.