Mkopo umepatikana, mlipaji bado

Kila unapotangazwa mradi wa barabara, maji au reli, kauli ni ileile: "Fedha zimeshapatikana." Ukichimba kidogo, unakuta kilichosainiwa ni mkataba wa mkopo. Fedha za kumlipa mkandarasi zipo, sawa. Atakayeulipia mradi bado hajatajwa.

Kugharamia miundombinu kuna maswali mawili: nani anatoa fedha leo ili kazi ianze, na nani atabeba gharama hadi mwisho. La kwanza hujibiwa na benki, wanunuzi wa hatifungani (hati za mkopo zinazouzwa na serikali) au mwekezaji binafsi anayeingia ubia na serikali. La pili hurudi kwa walipa kodi au kwa watumiaji wanaolipa ankara, nauli na tozo. Hata ruzuku ya serikali kuu ni kodi, ila imekusanywa kwingine.

Ufafanuzi ndio huo. Sasa nije kwenye ubia, maana hapo ndipo maneno yanapochanganywa zaidi. Mwekezaji binafsi husifiwa kwamba anajenga "bila serikali kutoa hata senti." Mwaka wa kwanza huenda ni kweli. Baadaye hurudishiwa chake kwa tozo au kwa malipo ya kila mwaka kutoka bajeti ya umma, faida ikiwemo, na mara nyingi mtaji wake ni ghali kuliko mkopo ambao serikali ingechukua yenyewe. Na mkopo wenyewe si mchezo: kila 100 unazokopa kwa riba ya 10% kwa miaka 20, kwa malipo sawa ya kila mwaka, unarudisha karibu 235. Matengenezo hayamo humo.

Ukiuliza nani atalipa, jibu la haraka ni "uchumi utakua, mradi utajilipa." Uchumi unaweza kukua kweli na halmashauri isione kitu. Reli ikifika, wa kwanza kufaidi ni mwenye kiwanja karibu na stesheni. Bei inapanda yeye amelala. Kama hakuna kodi au mchango uliowekwa kuifuata hiyo thamani, inaishia mfukoni mwake, na deni linabaki kwa wote.

London walilifikiria hilo walipoirefusha Northern line, njia ya treni za chini ya ardhi, hadi eneo la Battersea. Mamlaka ya jiji ilikopa takriban pauni bilioni 1, lakini vyanzo vya kulilipa deni vilipangwa mapema: michango ya waendelezaji wa majengo ya hapo, pamoja na ongezeko la kodi ya majengo ya biashara, kwa miaka 25, ndani ya eneo maalumu lililochorewa mipaka. Stesheni mbili mpya zilifunguliwa Septemba 2021. Mpango wa namna hiyo nao una hatari zake, kwa sababu biashara zisipokuja kwa kasi iliyokadiriwa, mkopeshaji bado anadai. Angalau ukikaa na makaratasi yake unaona nani anategemewa kulipa nini.

Kwa hiyo, ndugu waandishi wa taarifa za miradi, badala ya "fedha zimepatikana" andikeni: "Mradi umepata mkopo wa kiasi fulani, utakaolipwa na fulani, kwa miaka kadhaa." Kama hapo kwenye "fulani" bado hamna jina, andikeni kwamba bado.