Neva ya Mkono Ikikatika, Kazi Hufanyika Shingoni

Mtu aliyekatwa na panga juu ya kiwiko huutazama mkono wake uliolegea na kudhani kwamba tatizo lote liko penye kovu. Lakini seli za neva zinazoendesha misuli ya mkono zimo ndani ya uti wa mgongo, sehemu ya shingo, na kila moja hutoa uzi mrefu, yaani aksoni, unaoshuka hadi kwenye msuli. Panga limekata nyuzi. Seli zenyewe, mara nyingi, zingali hai.

Habari za jeraha huzifikia kwa njia zaidi ya moja. Wimbi la kalisiamu hupanda kutoka penye mkato, kisha protini maalumu husafirishwa kando ya aksoni hadi kwenye kiini cha seli, na wakati huohuo vichocheo vya ukuaji vilivyokuwa vikitoka msulini hukoma kufika. Hapo jeni ya ATF3, ambayo katika seli nzima huwa kana kwamba imelala, huamshwa pamoja na c-Jun, na protini za jeni hizo mbili huziamsha jeni nyingine nyingi, zikiwamo GAP-43 inayohitajika kwenye ncha inayokua na zile za tubulini, malighafi ya kujengea uzi mpya. Kwa upande mwingine, jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamuru msuli, hufifishwa. Seli imeacha utarishi na kushika uashi. Mwaka 1892 mtafiti Franz Nissl aliona kwa darubini jinsi seli za aina hii zinavyobadilika sura baada ya neva kukatika, bila kujua lolote kuhusu jeni.

Uashi huu ni wa polepole mno: aksoni hurefuka kwa takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka juu ya kiwiko hadi misuli midogo ya kiganja ni zaidi ya milimita 300. Katika kipindi hicho seli za Schwann, ambazo huzipa aksoni njia na chakula cha ukuaji, hupungukiwa nguvu, na msuli usio na neva husinyaa. Ndiyo maana sisi madaktari hatupendi kuona neva iliyokatika ikisubiri miezi kadhaa kabla ya kushonwa. Ndiyo maana pia mgonjwa anayeuliza mbona kifundo cha mkono kimeanza kukunja ilhali vidole bado vimelala hujibiwa kwamba aksoni za vidole bado ziko njiani.