Usisubiri presha ikuume: moyo, figo na hili neno "dozi"

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma. Mimi natoa elimu ya afya kwenye kliniki ya presha na sukari hapa mjini, kila asubuhi kabla madaktari hawajaanza kuona wagonjwa nasimama mbele ya mabenchi naongea na watu, leo nataka niongee na nyie ambao hamjafika kwenye hayo mabenchi, maana nyie ndo mna nafasi kubwa zaidi ya kujiokoa.

Kuna mama mmoja alikuja kutoka upande wa Bahi, kamsindikiza mjukuu tu, tukampima na yeye kwa sababu alikuwa amekaa pale, mashine ikaandika 192 kwa 110. Nikamuuliza mama hujawahi kuambiwa una presha? Akasema niliambiwa mwanangu, nikapewa dawa, nikamaliza dozi. Yani alipewa vidonge vya mwezi mmoja akameza vyote bila kuruka hata siku moja, vilivyoisha akajisikia mzima, akajua kapona, na tangu hapo ulikuwa umepita karibu mwaka.

Huyu mama sio mzembe, naomba tuelewane hapo. Sisi wote tumekulia kwenye malaria, mseto unameza siku tatu dozi imeisha umepona, ukiumwa kifua unapewa antibayotiki siku tano au saba umemaliza. Sasa mtu anapewa vidonge vya presha halafu anaambiwa "hii ndo dozi yako", unategemea aelewe nini? Dawa ya presha haiui mdudu, inashusha tu presha kwa siku ile uliyomeza, ukiacha inapanda tena na wewe hutasikia chochote. Kwa wengi dawa hii ni ya maisha, ikibadilishwa au kupunguzwa basi daktari ndo aseme. Sentensi hizo mbili angeambiwa siku ya kwanza, kwa lugha yake, na akaulizwa azirudie mwenyewe, asingekaa mwaka mzima na 192.

Ndo maana mi nasema kumpa mtu kipeperushi halafu ukaendelea na mwingine hiyo bado sio elimu. Mwambie, halafu muulize "haya bibi, ukifika nyumbani utamezaje?" Hapo ndo utajua kama ameelewa.

Na kwanini naweka moyo na figo pamoja, kwa sababu vinauana. Figo zako mbili zinachuja karibu lita 180 za maji ya damu kila siku, nyingi zinarudishwa mwilini unabaki na mkojo kidogo tu, na kazi hiyo inafanywa na vijichujio vidogo sana, karibu milioni moja kwa kila figo. Chukua chujio la chai, kila siku ulipigishe maji ya bomba yenye kasi kali, baada ya muda wavu unalegea na majani yanapita. Presha inafanya hivyo hivyo, protini inaanza kupita kwenye mkojo, unakuta mkojo una povu ambalo haliishi haraka, vichujio vingine vinakufa kabisa. Figo ikishachoka inashindwa kutoa chumvi na maji, presha inazidi kupanda, moyo unasukuma kwa nguvu mpaka misuli yake inanenepa na baadae unatanuka. Sukari nayo inaharibu vichujio hivyo hivyo, kwahiyo mwenye vyote viwili ajue yuko kwenye hatari kubwa zaidi.

Ubaya ni kwamba figo inavumilia sana, inaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake na wewe bado unaenda shamba. Ukija kuvimba miguu na uso, kukosa hamu ya kula, kutapika, mara nyingi tumeshachelewa. Hapo ni kusafishwa damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kila mara kama masaa manne. Mtu wa Kondoa au Mpwapwa atafanyaje hiyo safari? Wengine wanaishia kupanga chumba mjini, shamba linabaki, watoto wanabaki. Hapa kwetu Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza figo tangu 2018 na ni jambo la kujivunia kwakweli, ila hata hapo lazima apatikane ndugu wa kujitolea figo yake na dawa unameza maisha yako yote.

Tuje kwenye chumvi. Ukienda mnada wa Msalato Jumamosi, nyama inakuja kwenye sinia na pembeni kuna kilima cha chumvi, kila kipande kinachovywa. Kwa siku mtu mzima asizidi gramu 5, ni kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu chumvi yote, ya mboga, ya mkate, ya viungo vya pakiti. Fanya hesabu ya nyumbani kwako: watu watano, pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Akina mama wakipiga hiyo hesabu pale benchi huwa wananyamaza, kwa wengi inaisha ndani ya wiki. Na magadi tunayoweka kwenye mlenda usiyasahau, yana sodiamu ile ile iliyopo kwenye chumvi. Sisemi uache mlenda, mlenda ni chakula kizuri sana, punguza magadi.

Jingine ni dawa za maumivu. Msimu wa palizi mgongo unauma, mtu ananunua diklofenaki dukani anameza wiki nzima, mwezi mzima. Hizi zinapunguza damu inayoingia kwenye figo na zinapandisha presha, mwenye presha au sukari asizizoee bila kuongea na daktari.

Na mtoto akiumwa koo na homa mpeleke kituoni, koo lisilotibiwa linaweza kuja kuharibu vali za moyo, yani vile vimilango vinavyozuia damu isirudi nyuma.

Ukienda kupima, kaa utulie dakika tano, mkono uwe wazi, usikubali kuambiwa "iko sawa" tu, omba namba uandikiwe. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi na ikarudia siku nyingine, hiyo ni presha. Ukiwa na presha au sukari, angalau mara moja kwa mwaka omba kipimo cha protini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu, hiyo ni taka ambayo figo inatakiwa kuitoa.

Yule mama wa Bahi alirudi baada ya miezi miwili, 138 kwa 84, vidonge vya mwezi unaofuata kavifunga kwenye kona ya khanga. Alikuja na jirani yake ambaye hajawahi kupimwa maisha yake yote, akasema mwanangu na huyu muelezee lile la dozi. Tukamkalisha dakika tano kwanza, ndo tukampima.