Je, wajua? Opampu haisawazishi miguu yake yenyewe

Ukianza kujifunza opampu, ile aisi (IC, saketi nzima ndani ya kipande kimoja) ndogo ya miguu minane kama LM358, mapema tu utaambiwa volti za miguu yake miwili ya kuingilia, wa chanya na wa hasi, huwa sawa siku zote. Nikaishika kama sheria. Nikaunda saketi ya taa inayojiwasha giza likiingia, betri ya volti 9, LDR (rezista inayohisi mwanga) na rezista chache, nikaweka mita: mguu wa 2, ule wa hasi, una volti 4.5, mguu wa 3, ule wa chanya, nikiifunika LDR kwa kiganja unapanda mpaka 6. Nikajua aisi imeungua, nikanunua nyingine, nayo vilevile, na wakati huo taa inawaka na kuzima vizuri tu!

Aisi ilikuwa nzima. Opampu yenyewe inajua kazi moja, kukuza tofauti ya miguu hiyo miwili kama mara 100,000. Tofauti ya milivolti 1 ingetaka itoe volti 100, betri ina 9, basi inagonga dari, ambayo kwa LM358 iko kama volti 1.5 chini ya betri, au inalala karibu na sifuri.

Usawa unaletwa na rezista inayorudisha umeme kutoka mguu wa 1, ule wa kutolea, kwenda mguu wa hasi. Mwangalie mwenye duka akipima sukari kwa mizani ya sahani mbili: jiwe huku, yeye anamimina kule mpaka zilingane. Kinacholinganisha ni mkono wake, mizani inaonyesha tu. Mkono usipofika kwenye sahani, mizani itabaki kusema "huku kuzito" basi, na taa yangu ya giza ndivyo ilivyo, haina rezista ya kurudisha.

Sasa tuseme anachomimina, sehemu moja kati ya 11 tu ndiyo inaangukia sahani. Kulingana na jiwe la gramu 100 itabidi amimine gramu 1,100. Ndivyo ilivyo kwenye saketi: weka rezista ya 10k (ohm 10,000) ya kurudisha, na 1k kutoka mguu wa hasi kwenda graundi (upande hasi wa betri), mguu wa hasi unapata sehemu moja kati ya 11 ya volti inayotoka; ingiza milivolti 100 mguu wa chanya, utapata volti 1.1. Ukuzaji unapangwa na rezista mbili, sio na ile 100,000 ambayo hubadilika aisi kwa aisi. Harold Black, mhandisi wa Bell Labs, maabara ya simu ya Marekani, aliwaza hivi mwaka 1927 akiwa kwenye feri anaenda kazini New York, akachora juu ya gazeti.

Pima sasa, miguu yote miwili inasoma 0.1, ingawa milivolti chache zinaweza kupishana. Ila ingiza volti 1: opampu inataka kutoa 11, dari ni 7.5, na mguu wa hasi unabaki kwenye 0.68 hivi.