Rwenzururu haikuanza kwa kutaka kujitenga na Uganda

Nchini Uganda, wengi wameamini kwa miaka mingi kwamba vuguvugu la Rwenzururu, lililowaunganisha Wakonzo na Waamba wa milima ya Rwenzori, lilianzishwa ili kuimega nchi. Sivyo. Mkataba wa 1900 baina ya Waingereza na Toro uliwaweka watu hao chini ya ufalme ambao haukuwahesabu kuwa sawa na Watoro, na hata shuleni watoto wao walifundishwa kwa Kitoro, si kwa lugha ya nyumbani. Mwaka 1962 wajumbe wao katika Rukurato, yaani baraza la Toro, akiwemo mwalimu Isaya Mukirane, waliomba katiba ya ufalme iwatambue kuwa watu wenye haki sawa. Walipokataliwa, walitoka barazani na kudai wilaya yao wenyewe, chini ya serikali kuu ya Uganda. Tangazo la kujitenga lilifuata tu baada ya ombi hilo la kiasi, na kwa maoni yangu la haki kabisa, kupuuzwa. Idi Amin alipounda wilaya za Rwenzori na Semliki mwaka 1974, aliwapa kile walichokidai kabla ya kutangaza kujitenga.