Mtoto wa kambi hajengi kambi

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa shemeji wa mteja, mtu mwenye digrii na miwani ya bei: “Injenia, hawa watoto wa kambi hata uwape hekta nzima, watajenga kambi tu. Ndivyo walivyokulia.” Watoto wa kambi ni wale waliokulia kwenye kambi za wafanyakazi wa kampuni ya migodi. Mteja mwenyewe alikuwa pale pale, kainamia plani, kimya. Sentensi hiyo nimeipata kwa mafundi, kwa mapadri, kwa wanasheria, kwa vijana wanaokuja ofisini kwangu kujifunza kazi ya kuchora nyumba. Lubumbashi nzima, mji wetu wa migodi kusini mwa Kongo, inaisema kama vile inasema kwamba mvua inanyesha Januari. Nimechoka nayo.

Historia kwa kifupi, maana wengi wanaisema bila kuijua. Union Minière, kampuni yenyewe ya migodi ya shaba, ilianza 1906, mji ukafuata 1910. Mwanzoni kampuni ilichukua vibarua wa mkataba mfupi, ikawachosha, ikawarudisha makwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikageuza siasa: mfanyakazi akae, alete mke, azae hapa hapa. Ndipo kambi zikawa za familia, nyumba za tofali mstari kwa mstari, zinazofanana, unapewa kwa cheo chako na wingi wa watoto wako. Kamalondo, Kenya na Katuba si kambi, hizo ni cité, mitaa ya wenyeji nje ya kambi, na kila moja ina mambo yake. Mtoto ambaye baba yake alijijengea Katuba, tofali baada ya tofali, hakulelewa sawa na yule ambaye baba yake alikabidhiwa ufunguo. Tuendelee.

Mtoto wa kambi akija kwangu na pesa, kitu cha kwanza anachoagiza ni uzio na geti. Nyumba haina hata msingi, lakini lupango, yaani kiwanja, umeshazungushiwa ukuta. Namwelewa. Nyumba ya kampuni ilifuata kazi, na kazi ikiisha ufunguo unadaiwa. Aliyekulia katika hofu hiyo hatulii mpaka ashike cheti cha usajili chenye jina lake. Hapo huwa nalazimika kumkumbusha kwamba tangu sheria ya Julai 1973 ardhi ya nchi hii ni ya Dola, yeye anapewa haki ya kuikalia na kuitumia. Uso unambadilika. Mtoto wa Katuba nikimwambia hayo hayo anacheka tu.

Kitu cha pili: hataki ukuta wa kushirikiana na jirani. Cha tatu: saluni kubwa, yaani sebule. Cha nne: koridoo, hata pale ambapo koridoo inakula nafasi bure. Hajatokea hata mmoja aliyeniomba nyumba za mstari. Kwa hiyo kama nyumba ya utotoni ingekuwa inajirudia kwa umbo, mimi ningekuwa nimeshaiona kwenye meza yangu. Kinachofika mezani ni kinyume chake, tena kinyume cha makusudi.

Lakini subirini, maana wanaoshangilia hapo nao wananikera. Kuna kundi la pili linalosema mtu akipata pesa utoto unafutika, anakuwa “wa kisasa”. Hao hawarudi kutazama nyumba baada ya watu kuhamia. Mimi narudi, kwa sababu ya nyufa na mabati yanayovuja.

Chukua jiko. Mteja anataka jiko la ndani lenye marumaru, makabati na oveni, kama alivyoliona kwenye simu. Namchorea. Narudi baada ya mwaka: oveni imewekwa sufuria za sherehe na mifuko ya unga. Nyuma ya nyumba, chini ya kipande cha bati ambacho sikukichora, kuna mbabula mbili, majiko ya makaa, zinawaka, bukari (ugali) kwenye moja, sombe (kisamvu) kwenye nyingine, na mama wa nyumba ameketi kwenye kibao. Ukikaa pale alipokaa yeye utaona geti, mlango wa nyuma, bomba, na mtoto anayechezea maji. Kila kitu. Jikoni alikuwa na dirisha pia, sawa, lakini tuliliweka kwa kipimo cha mtu anayepika amesimama, kizingiti mita moja na sentimita kumi. Macho ya mtu aliyeketi kwenye kibao yako kama mita moja kutoka chini. Aingie jikoni na kibao chake, ataona mawingu.

Hiki ndicho ninachotaka kieleweke, na ndicho kinachonifanya nipandishe sauti kwenye mikutano: tunachobeba kutoka nyumba ya utotoni ni mahali mwili ulipojifunza kukaa na macho yalipojifunza kuelekea. Ukuta hatuubebi. Mama huyu anapika akiwa ameketi, akiangalia geti, kwa sababu mama yake alipika hivyo nyuma ya nyumba ya kampuni. Marumaru haziwezi kushindana na hilo. Siku hizi nashusha kizingiti cha dirisha la jiko hadi sentimita sitini na nachora jiko la nje tangu siku ya kwanza, lenye paa halali na ukuta wa kuzuia upepo. Wateja wengi wanakasirika. “Hilo la nje la nini, injenia?” Nalichora. Na sina mzaha kwenye hili: jiko la nje likikosekana, baridi ya Juni na Julai ikifika mbabula inaingizwa ndani, milango inafungwa, na makala, yaani makaa, yaliyokwisha kushika moto hayatoi moshi wa kukuonya. Gesi yake haina harufu. Inaua watu usingizini.

Nikiri shaka yangu hapa. Huenda naupa utoto sifa isiyo yake. Umeme unakatika, makala yanapatikana kila kona, na samaki akikaangwa ndani saluni nzima inanuka. Labda yule mama yuko nyuma kwa sababu hizo tu, na mama yake hahusiki. Nimewaona wenye jenereta kubwa na gesi wakipika nje vilevile, lakini wachache, na watu wanaokuja kwa mchoraji wa nyumba ni wenye pesa, si mji mzima. Siwezi kutenganisha mazoea na bei ya makala. Anayesema anaweza, anionyeshe.

Barza, yaani baraza ya mbele ya nyumba, ni hadithi ile ile, kwa hiyo nitaipita haraka. Wanaifuta kwenye plani kwa kuwa picha za Dubai hazina barza. Miezi michache baadaye gari linalala nje na gereji imejaa viti vya plastiki, milango wazi, watu wanaongea na wapita njia.

Saluni nayo. Miaka ya 1970 saluni nyingi za mji huu zilikuwa na picha za wachoraji wetu ukutani: mamba muntu (nguva), Colonie belge (Koloni la Ubelgiji) yenye mfungwa anayepigwa fimbo, Inakale yenye mtu aliyezingirwa na nyoka, mamba na simba. Picha zimeondoka. Ukuta ule ule sasa una televisheni, imetundikwa juu mno kwa shingo ya binadamu, viti vimepangwa kuegemea kuta zote, katikati patupu. Nikipendekeza kusogeza viti naangaliwa kama mgeni wa mji.

Na kuna jambo ambalo wasemaji wa “ndivyo walivyokulia” hawaligusi kabisa. Nyumba ya utotoni ni ipi? Hapa kwetu mtu anaanza na aneksi nyuma ya lupango, vyumba viwili, ili akae humo wakati nyumba kubwa inapanda. Nyumba kubwa inapanda miaka kumi. Ikiisha, inapangishwa kwa watu wa migodi, kwa dola, na familia inabaki aneksi. Watoto wanakulia nyuma ya villa ya baba yao, wakiambiwa wasiikanyage bustani. Siku moja watakuja ofisini kwa mtu kama mimi. Wataomba nini? Sijui, na swali hili linanisumbua kuliko la kambi.

Siku hizi siulizi vyumba vingapi. Nampa mteja karatasi na penseli: nichoree mahali ulipokaa kula ukiwa na miaka minane, na uliona nini kutoka pale. Wanaume wengi wanachora geti. Picha za simu tunaziangalia baadaye.

Kuhusu plani ya wiki hii, bado haijasainiwa. Tumeongea na bwana peke yake mpaka sasa, na mkewe alikulia Kasenga, kando ya Luapula, utoto mwingine kabisa. Jumatatu anakuja yeye.