Lamu ni wapi?

Swali hilo niliulizwa na dereva wa lori, kwa simu, saa mbili asubuhi. Alikuwa Mokowe, upande wa bara, ng'ambo ya maji kutoka kisiwani, ameshashusha nguzo 24 za taa za gati, na anatafuta mtu wa kumtilia sahihi karatasi ya kupokelea mzigo. Nikamwambia mzigo ni wa Lamu. "Dada, kwani hapa nilipo ni wapi? Kibao kinasema Kaunti ya Lamu."

Alikuwa na haki, na aliyempa haki hiyo ni mimi. Mimi ni wakili wa mikataba upande wa uchukuzi katika kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezipa kaunti barabara zao, maegesho, taa za barabarani, na pia vivuko na bandari, ukitoa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na wa kimataifa. Kwa mwenzangu wa bara, sehemu hiyo ya vivuko ni mstari wa kupita tu. Kwetu gati ndiyo stendi ya matatu.

Fomu za zabuni tunazotumia ni zile zile za nchi nzima, na mahali pa kufikishia mzigo pameachwa nafasi ya kujaza. Mimi nilijaza neno moja. Sisi wenyewe tukikusudia mji twasema Amu, lakini kwenye karatasi Lamu ni mji, ni kisiwa, na ni kaunti nzima mpaka Witu na Mpeketoni. Na mahakama ina kanuni yake ya zamani: maneno yenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika.

Muuzaji akasema yuko tayari kuvusha, aongezewe. Hapo sheria ikafunga mlango. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 hairuhusu bei ya mkataba ipandishwe ndani ya miezi 12 tangu kutiwa sahihi, na hata baadaye nyongeza zote kwa jumla zisipite asilimia 25 ya bei ya awali. Wahandisi hunung'unikia kifungu hicho. Mimi nakipenda. Bila hicho kila mzabuni angeingia kwa bei ya kutupa, akishapata kazi aanze kupanda ngazi. Siku ile, hata hivyo, kiliniuma mimi.

Nguzo zikalala Mokowe wiki tatu. Mwishowe tukazivusha kwa mashua tuliyokuwa tumeikodi kwa kazi nyingine, kamati ya ukaguzi na upokeaji ikazikagua ufukweni badala ya bandani, na bado hatujafika. Punda wa Amu hubeba mchanga, saruji, matofali, lakini hawezi kubeba nguzo ya mita 6 akapinda nayo kona ya kichochoro cha Mkomani. Zikabebwa mabegani, hamali wanne kwa kila moja, alfajiri, kabla njia ya ufukweni haijajaa watu. Gharama ya hamali haikuwa popote kwenye mkataba.

Watu hudhani kazi yangu ni kwenda mahakamani. Nikifika huko ujue nilishashindwa zamani, siku ya kuandika. Ugomvi mwingine unaonijia ni wa barua ya ushindi. Mzabuni akiarifiwa kuwa ameshinda, kesho yake anakodi mashua na mafundi. Nami humwambia: tulia. Barua ile si mkataba. Mkataba ni ule ulioandikwa na kutiwa sahihi, na sahihi haitiwi kabla siku 14 hazijapita tangu taarifa, kwa sababu walioshindwa wana siku hizo hizo za kupeleka malalamiko kwenye Bodi ya Rufaa ya Ununuzi. Wakipeleka, bodi ina siku 21 za kuamua. Mafundi uliowaleta utawalisha mwenyewe.

La siku ndilo lililonifunza zaidi. Tulikuwa na mkataba wa kutengeneza miguu ya gati, siku 90. Mkandarasi akaanza katikati ya Aprili. Mvua za masika zikaja, kisha kusi, upepo wa msimu utokao kusini, ikashika, na mwezi wa sita akaleta barua ya kuomba muda zaidi: nguvu zisizozuilika, yaani jambo ambalo hakuna aliyelitarajia wala angeweza kulizuia, bahari imechafuka. Tulikuwa na haki ya kumkata fidia ya kuchelewa kwa kila siku, naye alikuwa na picha za mawimbi.

Nikaenda kumuuliza nahodha mmoja mzee anayeketi kila jioni kwenye baraza karibu na gati. Akacheka. "Mwanangu, kusi ni mgeni gani huyo anayekuja kila mwaka mwezi ule ule?" Kisha akaniuliza kazi yenyewe inafanyika wapi. Nikamwambia chini, kwenye miguu ya gati. "Basi hukumpa siku 90. Umempa bamvua sita, kasoro."

Ndivyo ilivyo. Miguu ile hubaki wazi vya kutosha wakati wa bamvua tu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yakipwa mbali. Siku za maji mafu, yasipopwa mbali, fundi hukaa akiyatazama maji. Na hata ndani ya bamvua ni saa chache, kisha maji hurudi. Nguvu zisizozuilika nikazikataa, lakini muda nilimwongezea, maana siku 90 zangu zilikuwa za mtu wa nchi kavu.

Sasa mikataba ya gati naihesabu kwa bamvua, na tarehe ya kuanza naiweka baada ya kusi. Ya vifaa nayo ina kifungu kirefu: mzigo utahesabiwa umefika ukishawekwa juu ya gati la mji wa Amu, mahali maji ya bamvua yasipofika, na gharama zote za kuvusha, kupakua na hamali ni za muuzaji.

Zabuni ya kwanza yenye kifungu hicho ilipotoka, kampuni moja ya Nairobi iliandika kuuliza bamvua ni nini. Swali la mmoja hujibiwa kwa wote, kwa maandishi, ili asiwepo anayejua zaidi ya mwenzake. Nikaandika aya mbili za mwezi na maji, nikawapelekea wazabuni wote. Bei zao zilikuja juu kuliko za mara iliyopita. Nilipofungua mchanganuo, mashua ilikuwamo, na hamali pia.